Distro Gani kwa Kompyuta ya Nyumbani? Historia Fupi Kutoka Gikomba

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni hili: "Nataka kuweka Linux kwenye kompyuta ya nyumbani, niweke ipi?" Kwa miaka mingi nimelijibu kwa neno moja, yaani jina la distro niliyokuwa naipenda mwezi huo. Leo nitalijibu kwa historia, maana jibu la neno moja liliwahi kuniponza. Hebu nianze na kisa chenyewe.

Shangazi yangu anauza nguo za watoto Gikomba. Kwa msomaji asiyeijua, Gikomba ndilo soko kubwa la mitumba Kenya, mashariki mwa katikati ya jiji la Nairobi, kando ya mto, jirani na Majengo ya Pumwani na mafundi wa jua kali wa Kamukunji. Mwaka 2019 alinunua kompyuta ya mezani iliyotumika, zile tunazoziita ex-UK: Core i3 ya zamani, kumbukumbu ya gigabaiti 4. Aliitaka kwa mambo mawili: kijana wake afanyie kazi za shule, na yeye aandike madeni ya wateja, kwa sababu daftari lake lilikuwa limenyeshewa.

Wakati huo nilikuwa chuoni nasoma sayansi ya kompyuta na nilijiona mjuzi sana. Nikamwekea Arch, distro niliyokuwa naitumia mwenyewe. Arch ilianzishwa na Judd Vinet mwaka 2002, na ni kazi safi, lakini husasishwa mfululizo. Ukikaa miezi miwili bila kusasisha, unakuta mzigo mkubwa unakusubiri. Basi siku moja binamu yangu akanunua bando, akaanza kusasisha, na umeme ukapotea katikati. Uliporudi, kompyuta ikawaka kwenye skrini nyeusi yenye maandishi meupe. Mimi nilikuwa kwenye mitihani. Fundi wa mtaani hakuwahi kuiona Arch maishani mwake, kwa hiyo akafanya alichokijua: akaifuta na kuweka Windows isiyo na leseni. Baada ya muda virusi vikaingia kupitia flashi ya mtu, na faili la madeni likaenda. Madeni ya miezi minane! Wateja waaminifu walilipa kwa kukumbuka wenyewe. Wengine hawakukumbuka.

Shangazi hakunilaumu. Alisema tu, "Nguo hupimwa kwa mtoto, haipimwi kwa muuzaji."

Nimelifikiria sana neno hilo, na nikarudi kuisoma historia ya distro nikiwa nalo kichwani. Nilichokiona ni kwamba huku kwetu distro haikuwahi kuchaguliwa kwa sababu ni bora duniani. Ilichaguliwa kwa mambo matatu: ilitufikiaje, ni mashine gani ingeweza kuibeba, na nani yuko karibu wa kusaidia ikiharibika. Tuyatazame moja baada ya jingine.

Jambo la kwanza: ilitufikiaje?

Mwezi Agosti 1991, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, akiwa na miaka 21, alitangaza kwamba anatengeneza mfumo wa uendeshaji kwa kujifurahisha. Alichokitengeneza ni kerneli tu, yaani kiini kinachozungumza na vyombo vya mashine. Kerneli peke yake ni kama injini iliyowekwa sakafuni, huwezi kuiendesha kwenda popote. Programu nyingi za kuizunguka zilikuwa zimeshaandikwa na mradi wa GNU, uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983. Mtu alihitajika kuzikusanya pamoja, kuziwekea njia ya kusakinisha, na kuendelea kuzitunza. Mkusanyiko huo ndio tunaouita distro.

Mwaka 1993 zilizaliwa mbili ambazo ziko hai hadi leo: Slackware ya Patrick Volkerding mwezi Julai, na Debian ya Ian Murdock mwezi Agosti. Enzi hizo ulisakinisha kwa rundo la disketi, kila moja ikibeba megabaiti 1.44. Ikiharibika moja, kazi yote imeharibika.

Baadaye zikaja CD. Mwaka 2000 Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix, iliyowaka moja kwa moja kutoka kwenye CD bila kuigusa diski kuu. Kwa mtu mwenye kompyuta moja tu nyumbani hilo halikuwa jambo dogo: unajaribu, ukishindwa unatoa CD, na kila kitu kiko palepale ulipokiacha.

Lakini CD hiyo ungeitoa wapi? CD moja hubeba karibu megabaiti 700. Kwa laini ya simu ya kilobiti 56, ukiwa na bahati isikatike hata mara moja, kuipakua kunachukua zaidi ya siku nzima, mchana na usiku. Na wakati huo intaneti yetu ilipitia setilaiti na ilikuwa ghali. Kwa hiyo ndugu, ulitumia distro aliyokuwa nayo rafiki yako, ile iliyokuja na gazeti la kompyuta, au ile mtu aliyokuletea kutoka safari. Kuchagua hakukuwapo.

Hapo ndipo Ubuntu ilipoingia. Mwafrika Kusini Mark Shuttleworth alikuwa ameuza kampuni yake ya Thawte mwaka 1999, na mwaka 2002 akaruka hadi anga za juu kwa chombo cha Kirusi. Mwezi Oktoba 2004 alitoa toleo la kwanza la distro iliyojengwa juu ya Debian, akaipa jina ambalo kwetu halihitaji mkalimani: ubuntu, yaani utu. Lakini naamini kilichoipenyeza Ubuntu katika nchi kama yetu si jina. Ni bahasha. Kwa mpango ulioitwa ShipIt, uliomba CD na ukatumiwa kwa posta bila kulipa chochote. Uliomba moja, uliomba tano, ukagawia wenzako. Mpango huo ulifungwa mwaka 2011. Kufikia hapo nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilikuwa zimeshafika Mombasa mwaka 2009, na kupakua hakukuwa tena hadithi ya siku nzima.

Tusisahau pia kwamba mwishoni mwa mwaka 2004 huohuo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya Kiswidi ya IT+46 walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa matunda ya mradi wa Kilinux. Programu huria iliwaruhusu kufasiri bila kumpigia mtu magoti, kwa kuwa leseni yenyewe inasema chukua, badilisha, gawa.

Jambo la pili: mashine gani ingeibeba?

Kompyuta nyingi za nyumba zetu huja zikiwa zimeshatumika kwingine. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, limepeleka mashuleni maelfu ya kompyuta za namna hiyo zilizokarabatiwa. Kwa hiyo umri wa mashine kwetu ni swali la kwanza, wakati kwa wenzetu walionunua mpya ni la mwisho.

Watunzaji wa distro walilijua hilo. Puppy Linux, iliyoanzishwa na Barry Kauler mwaka 2003, iliweza kuingia yote ndani ya kumbukumbu ya RAM na kukimbia kwenye mashine ambayo wengi wangeitupa. Xubuntu ilikuja mwaka 2006, na Lubuntu ikatambuliwa rasmi mwaka 2011, zote mbili kwa ajili ya mashine zenye nguvu kidogo. Mwaka 2011 ndio pia Ubuntu ilipobadilisha sura yake kuwa Unity. Wengi walikasirika, wakahamia Linux Mint ya Clement Lefebvre, iliyokuwapo tangu 2006 na iliyobaki na sura ya kawaida: menyu chini kushoto, orodha ya madirisha chini, basi.

Kisha mlango ukaanza kufungwa kwa mashine kongwe kabisa, zile za biti 32. Ubuntu ya mezani iliziacha mwaka 2017, Mint ikafuata mwaka 2020, na Debian 13 ya Agosti 2025 haisakinishwi tena juu yake. Ukiwa na Pentium 4 ya biti 32, unaweza kujaribu antiX 23, iliyojengwa juu ya Debian 12. Lakini ujue unanunua muda tu.

Jambo la tatu: nani yuko karibu?

Hili ndilo nililolipuuza mwaka 2019. Mtumiaji wa nyumbani hasomi mijadala ya Kiingereza usiku wa manane. Anachukua mashine na kuipeleka kwa fundi wa karibu. Distro ambayo fundi huyo haijui, hata iwe nzuri namna gani, itafutwa siku ya kwanza itakapogoma. Arch haikumkosea mtu. Mimi ndiye niliyeipeleka mahali ambapo hakuna aliyeizungumza.

Sasa turudi kwa Shangazi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 kwa kawaida. Windows 11 inadai TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, na ile Core i3 yake haifikii. Akanipigia simu: "Kwani hii nayo imekufa?" Haikuwa imekufa. Ina biti 64, ina gigabaiti 4, na diski nzima. Wala hakuwa na pesa za nyingine.

Safari hii nilimpima mtoto kwanza. Nilimwekea Linux Mint 22 yenye sura ya Xfce, ambayo ni nyepesi, inafanana na alichokizoea, na imeahidiwa masasisho ya usalama hadi mwaka 2029. Niliwasha Timeshift, inayohifadhi picha ya mfumo ili ukiharibika urudishwe ulivyokuwa jana. Masasisho nikaacha yamngoje binamu, naye huyafanya akiwa na bando la kutosha na umeme umetulia. Madeni yako kwenye LibreOffice, na kila Jumapili nakala huenda kwenye flashi inayokaa kabatini.

Halafu nikafanya jambo ambalo sikulifanya mara ya kwanza. Nilienda kwa yule fundi wa mtaani, nikakaa naye mchana mmoja, tukasakinisha Mint mara mbili kwenye mashine yake mbovu, nikamwachia flashi ya usakinishaji. Kwa hiyo ukiniuliza niweke distro gani, mimi nami nitakuuliza: mashine yako ina umri gani, unaipataje intaneti, na fundi wako ni nani?

Wiki jana nilipita kwa Shangazi, akanifungulia orodha ili nione inavyofanya kazi. Jina la kwanza lilikuwa langu: koti moja la mtoto, shilingi 350, tangu Januari. Nimelipa.

Haya, tuonane makala ijayo.