Maotea, si "Uzalishaji Upya Asilia"

Vijitabu vya misitu vinavyogawiwa kwenye semina mjini Morogoro vimeanza kutuzoesha istilahi "uzalishaji upya asilia". Kwa istilahi hiyo tunatakiwa kueleza yanayotokea milimani Uluguru upepo unapouangusha mti mkubwa, na mimea ikainuka pale uliposimama. Ni maneno matatu, na hakuna hata moja lililo mahali pake.

Tuanze na "uzalishaji". Kuzalisha ni kitenzi cha kusababisha, na kitenzi cha kusababisha hudai mtendaji. Kiwanda huzalisha saruji. Mkunga humzalisha mama. Juu ya mteremko wa Lupanga, nani amemzalisha nani? Upepo umeangusha mti, basi. Wengine waliona aibu wakaandika "uoteshaji", wakaanguka katika shimo lile lile, maana anayeotesha ni bwana miti aliye kitaluni na viriba vyake. Na kwa kuwa kitenzi chao kimeingiza mkono wa mtu msituni, imewabidi waongeze "asilia" ili kuutoa tena. Istilahi inayohitaji neno la pili la kusahihisha la kwanza haijaiva.

"Upya" ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu linapotosha elimu yenyewe. Linadai kwamba cha zamani kimekwisha na kingine kimeanza. Lakini miche mingi inayofaidi mwanga wa pengo linaloachwa na mti ilikwisha kuota kabla mti haujaanguka. Ilikuwa imedumaa kivulini, ikiishi kwa miali michache inayopenya majani. Neno "upya" lina haki yake kwingine. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Mashamba yale yalirudi kwa kupandwa na mikono ya watu, mche kwa mche. Huko ni kupanda upya. Uluguru hakuna aliyepanda.

Neno tunalo, nalo ni maotea. Mkulima wa mpunga au mtama hahitaji kufasiriwa: maotea ni mmea ulioota wenyewe kutokana na mbegu iliyodondoka wakati wa mavuno, au uliochipua tena kwenye shina lililokwisha kuvunwa. Hakuna aliyeupanda, na hilo halihitaji kivumishi, limo ndani ya neno.

Tulitazame kwa utulivu, kwa maana Kiswahili kimelitajirisha kuliko kamati yoyote ingeweza. Shina -ota kwetu lina maana kadhaa zilizokutana katika umbo moja. Kuna kuota kwa mmea. Kuna kuota moto na kuota jua. Kuna kuota ndoto. Asili zake si moja: Waganda hadi leo husema kuloota kwa ndoto na kwota kwa moto, na wasemaji wa Kilingala husema kolota kwa ndoto, ambapo sisi tumeidondosha ile l, maneno yakawa pacha. Kisha kuna kuotea, yaani kuvizia, kukaa kimya mafichoni ukingojea nafasi. Ndiko kuotea ambako mtangazaji wa mpira hukutaja kwa mshambuliaji aliyetangulia nyuma ya mabeki. Sidai kwamba wahenga walikusudia ikolojia. Nadai kwamba mche wa kivulini huotea nafasi, pengo likifunguka huota jua, kisha huota ukapanda juu, na kwamba lugha iliyoweza kuyakusanya hayo yote katika sauti moja haina sababu ya kuomba neno la mkopo lenye viraka vitatu. Kiambishi ma- nacho kinafaa, kwa kuwa kinachoinuka pengoni ni umati, kama mavuno na majani.

Nilipolipendekeza neno hili mbele ya kamati moja, ambayo sitaitaja, niliambiwa kwamba ni "neno la shambani" na halina hadhi ya sayansi. Napenda kujua hadhi hiyo inapimwa kwa kipimo gani. Mbegu, mche, shina na mzizi ni maneno ya shambani, na hakuna mtaalamu anayeyakwepa. Mwingine alishauri tuazime "kisiki hai", jina lililoenea vizuri Dodoma kwa kazi ya kutunza machipukizi ya visiki mashambani. Kwa Dodoma ni jina zuri mno, na aliyelibuni alikijua Kiswahili. Lakini pale upepo unapong'oa mti pamoja na mizizi yake, kisiki cha kutunza hakipo. Kuna shimo, tuta la udongo uliofunuliwa, na gogo.

Hapo ndipo maotea yanapoonyesha uwezo wake. Mti ulioangushwa na upepo ama umeng'oka ama umevunjika, na kila hali ina waotaji wake. Mashimo na matuta ya mti uliong'oka huzipa nafasi mbegu ndogo zinazotaka udongo mtupu na jua, kama za Macaranga na Polyscias, miti myepesi inayokua haraka. Nayaita maotea ya udongo. Miche iliyokuwa ikisubiri ni maotea ya kivuli. Mti uliovunjika, na mizizi yake ikabaki hai, huweza kutoa machipukizi. Mkulo, yaani Ocotea usambarensis, hujulikana kwa kuchipua kutoka mizizini. Hayo ni maotea ya mizizi. Jaribu kuzigawa aina hizi tatu kwa kutumia "uzalishaji upya asilia", uone sentensi yako itaishia wapi.

Kuhusu matumizi: maotea hufuata ngeli ya ya-ya, umoja wake ni mche wa maotea, na kitenzi ni kuota.

Wapo wanaohofu kwamba neno hili litaufanya kila mmea unaojiotea uonekane mwema. Halisemi hivyo, kama ambavyo mkulima hasemi kila maotea yabaki shambani. Amani, katika Usambara Mashariki, Maesopsis eminii iliyopandwa wakati wa ukoloni imejaa kwenye mapengo ya msitu, mbegu zake zikisambazwa na hondohondo. Hayo nayo ni maotea, maotea ya mgeni, na mwenye kuyaita hivyo anajua mara moja kwamba pengo laweza kujazwa na asiyetakiwa. Turudi Uluguru, kwa watakaolitumia neno hili: tangu mwaka 2008 misitu ya Uluguru Kaskazini, Uluguru Kusini na Bunduki imeunganishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia, na mito yake huulisha Ruvu unaoinywesha Dar es Salaam. Wanaoulinda msitu huo pamoja na maofisa ni wanakijiji wa Kinole, Matombo na Mgeta. Hawa watasoma kanuni, watajaza fomu, watahesabu miche.

Nawasihi waandishi wa miongozo, walimu wa misitu na wahariri: andikeni maotea. Wanakijiji hao wanalijua neno hili; ninyi ndio mliobaki kujifunza.