Kariakoo na Ustaarabu wa Kujitawala

Mgeni aingiaye Kariakoo hivi leo, akayakuta maghorofa yamesongamana na njia zimejaa wachukuzi na wachuuzi tangu alfajiri hata baada ya isha, ni taabu kwake kusadiki kwamba mtaa huu ulikuwa maskani ya watu kabla haujawa soko la nchi nzima; na taabu zaidi kusadiki kwamba katika nyumba zake za chini, kabla ya sheria yoyote kumpa Mwafrika sauti katika mambo ya mji, wakazi walikwisha kujizoeza kazi ya kujitawala. Sisi tunaoishi hapa tumeurithi ustaarabu huo, nami nauhofia kwa kuwa haukuandikwa katika daftari la serikali yoyote.

Sultani Majid bin Said wa Unguja alianza kuujenga mji huu wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima, akafariki mwaka 1870 kazi haijatimia, na nduguye Barghash hakuishughulikia. Wajerumani walikuja mwaka 1887, na mwaka 1891 wakahamishia hapa makao makuu yao kutoka Bagamoyo. Sheria yao ya ujenzi ya mwaka 1914 iliugawa mji kwa namna ya nyumba, na kugawa kwa nyumba kukawa ndiko kugawa kwa rangi: Uzunguni, Uhindini, na upande wa magharibi Waafrika. Waingereza waliouteka mji mwaka 1916 waliweka huku kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, ndipo lilipotoka jina la mtaa wetu. Na uwanja wa Mnazi Mmoja wakauacha wazi kati ya Waafrika na wengine, kwa hoja ya afya. Uwanja uliokusudiwa kututenga ndio tuliokuja kukusanyikia.

Lakini madrasa ya kwanza ya uraia ilikuwa nyumba. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi unaopita katikati, vyumba mkono wa kuume na wa kushoto, uani jiko na choo, na mbele kibaraza kinachoangalia njia. Mwenye nyumba mara nyingine alikuwa mwanamke, na wapangaji wake, Mzaramo, Mmanyema, Mnyamwezi, Myao, hawakuwa na nasaba moja wala desturi moja, bali walilazimika kupatana juu ya zamu ya kufagia uani, juu ya maji, juu ya kodi iliyochelewa na juu ya mgonjwa asiye na jamaa. Sisemi kwamba maisha hayo yalikuwa raha tupu, maana vyumba vilikuwa vidogo na mifereji mibovu. Nasema ya kuwa dhiki ile ililea subira, na subira ikazaa utaratibu.

Kutoka nyumbani utaratibu ule uliingia njiani. Vilikuwapo vyama vya kuzikana. Zilikuwapo ngoma za beni, Marini na Arinoti, zenye vyeo na watunza hazina. Na walikuwapo vijana wa mpira walioanzisha Young Africans mwaka 1935, na mwaka uliofuata timu ambayo leo ni Simba. Wako Wazungu walioyadharau mashirika ya ngoma kuwa ni maigizo tu, na hapo walikosa, kwa kuwa humo ndimo watu walimojifunza kumchagua kiongozi, kumhesabia fedha na kumwondoa akikhini. African Association iliyoundwa mwaka 1929, na TANU iliyozaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika njia ya New Street, ambayo sasa ni Lumumba, zilikuta ardhi imekwisha kulimwa. Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma, alipotumwa kuwaingiza wanawake katika chama, alianzia kwa viongozi wa ngoma, naye alijua sababu: walioaminiana wao kwa wao hawakuhitaji kufundishwa mshikamano ni kitu gani.

Baraza la madiwani lilikuwa na safari nyingine. Mji ulipata hadhi ya manispaa mwaka 1949. Mwaka 1960 Sheikh Amri Abedi, mshairi na mwanachuoni, akawa Meya wa kwanza Mwafrika. Na mwezi Desemba 1961 mji ukawa Jiji. Kisha mwaka 1972 serikali ikayafuta mabaraza ya miji, ikayarejesha mwaka 1978 baada ya huduma za miji kudhoofika. Mwaka 1996 Jiji likakabidhiwa Tume hadi mwaka 2000. Na Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa, hadhi ya jiji ikapewa Ilala. Kila mara palikuwa na hoja zake, na baadhi yake zilikuwa za haki. Hata hivyo mkazi ambaye baraza lake limevunjwa mara tatu katika umri wa mtu mmoja atazoea kudhani kuwa mji ni mali ya wakubwa, na dhana hiyo ina madhara makubwa kuliko mfereji ulioziba.

Mwaka 1967 katika mji mzima tulihesabiwa watu 272,000 na ushei. Mwaka 2022 zaidi ya milioni 5. Nyumba za vibaraza zinaendelea kubomolewa, maana kiwanja cha Kariakoo kina thamani mno kukiachia ghorofa moja, na siwalaumu warithi wanaouza. Ninalolalamikia ni kwamba maghorofa yanapandishwa bila hata ukumbi mmoja ambamo wapangaji wataweza kuketi na kukubaliana juu ya taka, maji na msiba. Wakaguzi wa ramani wanaweza kuutaka ukumbi huo kwa kila mjenzi, kama wanavyotaka ngazi na mahali pa kuweka magari.