Aristotle hakusema hayo: Sheria ya umoja wa mahali ilitoka wapi?

NIKIWA mhadhiri mchanga, nilimpunguzia mwanafunzi alama kwa kosa lililokuwa langu. Alikuwa ameandika kwamba Aristotle hakudai tamthilia iwe na umoja wa mahali. Nikapiga mstari mwekundu na kuandika pembeni: "Kasome tena." Kumbe aliyestahili kusoma tena ni mimi.

Dhana hiyo ingali hai madarasani: eti Wagiriki wa kale waliweka sheria tatu, yaani umoja wa tendo, wa wakati na wa mahali. Hebu tuifungue Poetics yenyewe, kazi ya karne ya 4 kabla ya Kristo. Aristotle anasisitiza umoja wa tendo: matukio yashikamane kiasi kwamba ukiondoa moja, hadithi nzima inavurugika. Kuhusu wakati, anataja tu kwamba tanzia hujaribu kukaa ndani ya mzunguko mmoja wa jua, tofauti na utendi. Hapo anaeleza alichokiona, hatoi amri. Kuhusu sheria ya mahali, hakuna neno.

Na watunzi wenyewe je? Katika Eumenides ya Aeschylus, tendo linaanzia Delphi na kuhamia Athens. Katika Ajax ya Sophocles, tunatoka kwenye hema la shujaa hadi ufuoni anakojiua. Ni kweli tamthilia nyingi za Kigiriki hazihami, ila sababu moja ilikuwa ya jukwaani tu: korasi ikishaingia, kwa kawaida ilibaki pale hadi mwisho. Wawili hawa walipotaka kuhama, waliitoa korasi kwanza.

Basi sheria ilitoka wapi? Italia. Mnamo 1570 Lodovico Castelvetro alichapisha tafsiri na ufafanuzi wa Poetics. Alidai kwamba mtu aliyeketi saa chache mahali pamoja hawezi kuamini kuwa siku nyingi zimepita. Hata alikumbuka kwamba mtazamaji hushikwa na njaa na usingizi! Aristotle alikuwa ameanza na hadithi. Warasimi mamboleo wakaanza na kiti cha mtazamaji.

Kilele kilikuwa Ufaransa. Katika Le Cid (1637), Pierre Corneille alijaribu kutii. Alibana pigano la panga, vita vya usiku na mashtaka mbele ya mfalme ndani ya saa 24. Watazamaji walifurahi, wahakiki wakanuna: mambo mengi mno kwa siku moja, na tena binti gani mwenye staha huposwa na muuaji wa babake? Académie française, chombo kilichoasisiwa 1635 chini ya Kadinali Richelieu, kikatoa hukumu ya kumkosoa. Mnamo 1660 Corneille bado alikuwa akiomba saa 24 ziruhusiwe kufika 30. Jamani!

Simaanishi kwamba sheria hizo zilikuwa tasa. Phèdre ya Racine (1677) inabana wahusika mahali pamoja mpaka wewe mwenyewe unakosa pumzi. Lakini anayeilaumu Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) kwa kuhamahama, kisha akamtaja Aristotle kuwa shahidi, amekosea mara mbili. Swali la Aristotle lingekuwa jingine: je, imani katika maji inazaa vita, na vita vinazaa kifungo? Vinazaa.

Yule mwanafunzi alihitimu kabla sijamrudishia alama zake. Kama anasoma ukurasa huu, ajue nilisoma tena.