Bonneville Moja, Sukani Mbili

Wapenzi wa pikipiki za zamani wana kanuni wanayoiheshimu kuliko zote: chombo kibaki kama kilivyotoka kiwandani. Kwa injini, rangi na taa, kanuni hiyo ina mashiko. Kwa usukani haina, na shahidi wa kwanza ni kiwanda chenyewe. Triumph Bonneville iliundwa Meriden, karibu na mji wa Coventry, ikaingia sokoni kwa msimu wa 1959. Hata jina lake lililenga kuwavutia Wamarekani: Bonneville ni uwanda wa chumvi wa Utah, ambako mwaka 1956 Johnny Allen alikimbiza chombo chenye injini ya Triumph kwa zaidi ya kilomita 340 kwa saa. Katika miaka ya 1960, Bonneville ya soko la Uingereza ilifungwa usukani wa chini na tangi kubwa la mafuta. Iliyopakiwa melini kwenda Marekani ilifungwa usukani mpana ulioinuka na tangi dogo. Anayeuliza usukani halisi wa Bonneville ni upi hana budi aulize kwanza: halisi wa nchi ipi?

Tofauti hiyo ililetwa na barabara. Sehemu kubwa ya kwanza ya barabara kuu ya M1 ilifunguliwa Novemba 1959, na mpaka Desemba 1965 hapakuwa na kikomo cha mwendo humo wala katika barabara nyingi za nje ya miji ya Uingereza. Vijana waliokusanyika Ace Cafe, mgahawa ulio kando ya North Circular jijini London, waliwania kufikisha maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160. Wakaiga walichokiona kwenye mashindano: vishikio viwili vifupi vinavyobanwa kwenye nguzo za shokapu za mbele, na vikanyagio vilivyorudishwa nyuma. Kuna BSA Gold Star zilizotoka kiwandani zikiwa hivyo tayari. Ng'ambo ya Atlantiki, wengi walitaka chombo cha kupita pia jangwani na kwenye njia za vumbi, ambako usukani mpana humpa mtu nguvu ya kulirudisha gurudumu linapoteleza. Honda ilipoleta CB750 mwaka 1969, soko la Marekani likiwa ndilo lengo, nayo ilikuja na usukani ulioinuka.

Kwa hiyo, starehe ya usukani haipimwi bila kutaja mwendo. Nguvu ya upepo huongezeka kwa mraba wa kasi: ukitoka kilomita 60 kwa saa hadi 120, upepo unaokupiga kifuani hauwi mara mbili, unakuwa mara nne. Aliyeinama mbele kwa kasi hiyo hubebwa na upepo, na mikono yake hupumua. Akiingia kwenye foleni ya mjini, upepo unamwacha na uzito wa kifua unateremkia viganjani. Vidole vinaanza kufa ganzi, vifundo vya mikono vinauma, na shingo inachoka kwa kuinuliwa ili macho yaone mbele. Usukani wa juu una shida iliyo kinyume chake. Kwa mwendo mdogo mgongo unakaa wima na mikono inalegea, ndiyo maana pikipiki za bodaboda kama Bajaj Boxer zimeinuliwa usukani, na kwa kazi ya kutwa hiyo ni sawa kabisa. Lakini kwenye barabara kuu kifua kinageuka tanga, na mwendeshaji anajivuta kwa mikono muda wote asirudishwe nyuma.

Mtetezi wa uasilia atasema kwamba kubadili usukani kunashusha thamani. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama kazi yenyewe ingehitaji kukata fremu. Usukani hushikwa kwa bolti chache. Ule wa kiwandani hufutwa, hupakwa mafuta na kuwekwa stoo, na siku ya kuuza hurudishwa mahali pake kwa jioni moja. Wengine watasema basi tuinue tu, kwa kuwa juu ndiko kwenye raha. Filamu ya Easy Rider ya 1969 iliwavutia wengi kwa sukani ndefu za aina hiyo, lakini mikono inayoning'inia juu ya mabega huchoka haraka, na majimbo kadhaa ya Marekani yaliweka kikomo cha kimo kwa sheria. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba usukani peke yake hautoshi, na hilo ni kweli. Philip Vincent, aliyeunda pikipiki zake Stevenage hadi 1955, aliliona hilo mapema: vikanyagio na pedali za Vincent zilisogezwa kumfuata mwenye chombo. Anayefunga vishikio vya chini na kuacha vikanyagio mbele anajikunja katikati, na hapo kiuno lazima kiume.

Kwa hiyo anza na mwili wako na barabara unazopita zaidi. Kaa kitini, miguu kwenye vikanyagio, uiname kiasi ambacho mgongo unaweza kujibeba bila kushika kitu, kisha nyoosha mikono viwiko vikiwa vimekunjwa kidogo. Vishikio viwe hapo viganja vilipofika, na vifundo visipinde. Kabla ya kununua, pima unene wa bomba: pikipiki nyingi za Kijapani hutumia milimita 22, Harley-Davidson 25.4, na za Kiingereza hutofautiana kwa miaka. Ukishafunga, geuza usukani hadi mwisho kila upande uone kama vidole vinabanwa na tangi, na kama waya za klachi na breki zinavutika. Kisha washa injini, iache ingurume taratibu, ugeuze tena. Sauti ikipanda bila wewe kugusa mafuta, waya wa mafuta ni mfupi. Usiingie barabarani mpaka fundi abadilishe.