Kava la CD yako: uchague programu gani ya kulitengeneza?

Kwaya, vikundi vya qaswida na wasanii chipukizi wengi hutengeneza wenyewe kava la CD ili kupunguza gharama. Programu za kufanyia kazi hiyo ni nyingi, za kulipia na za bure. Makala haya yanaeleza zinavyotofautiana na jinsi ya kuchagua inayokufaa.

Mwaka juzi kwaya moja ya mkoani kwetu ilileta studioni CD yao ya kwanza. Walikuwa wamechangishana karibu mwaka mzima, wakarekodi nyimbo nane, wakachapa makava 500. Kijana mmoja wa sauti ya nne ndiye aliyelitengeneza kava, kwa laptopu ya kuazima. Picha ilikuwa nzuri na rangi zilivutia. Nilipogeuza upande wa nyuma nitafute namba ya simu ili niitaje hewani, nilihesabu tarakimu tisa. Ya kumi ilikuwa imeondoka na kisu cha mashine ya kukatia karatasi, kwenye makava yote 500. Mwenyekiti wao alikuwa hajaona. Jioni ile tulikaa naye pale mapokezi tukiongeza tarakimu moja kwa kalamu, kava baada ya kava.

Najua siku hizi nyimbo nyingi zinatufikia kwa fleshi au kwa simu. Lakini CD bado inauzwa mlangoni baada ya ibada, kwenye matamasha ya kwaya, maulidi na harusini, na mnunuzi huanza kuiona kabla hajaisikia. Ndiyo maana swali la programu tunaulizwa mara kwa mara. Jibu langu huanza na swali jingine: kava lako litachapwa wapi, na kwa mashine gani?

Anza kwa mchapaji

Watu wengi huanza na programu waliyosikia inasifiwa, wakamaliza kazi, ndipo wakaenda kwa mchapaji na fleshi mkononi. Fanya kinyume chake. Kabla hujawasha kompyuta, pita kwa mchapaji umuulize mambo manne: anapokea faili la aina gani, anataka rangi za mfumo upi, anahitaji ukingo wa ziada wa milimita ngapi, na kasha lako ni la aina gani. Majibu hayo yatakuonyesha programu zinazofaa na zisizofaa.

Ukingo wa ziada ndio uliomkosesha yule kijana. Karatasi huchapwa ikiwa kubwa kidogo, kisha hukatwa, na kisu hakipiti mahali pale pale kila mara. Kwa hiyo rangi ya nyuma huvuka mstari wa kukatia, kwa kawaida milimita 3 kila upande, na maandishi yote hukaa ndani ya mstari kwa milimita 3 au zaidi. Programu ikikupa mistari hiyo, utaona mapema kama namba ya simu imekaa hatarini.

Vipimo vya kushika

Kasha gumu la plastiki la kawaida lina karatasi mbili. Ya mbele ni mraba wa milimita 120 kwa 120. Ya nyuma ina upana wa milimita 151 na urefu wa 118, lakini milimita 6.5 za kila upande hukunjwa ziwe migongo ya kasha, ambapo huandikwa jina la albamu. Kasha refu la DVD, ambalo kwaya nyingi hulipenda, huwa na karatasi moja ya milimita 273 kwa 183 inayozunguka mbele, mgongo na nyuma.

CD yenyewe ina kipenyo cha milimita 120 na tundu la milimita 15 katikati. Usiweke uso wa mtu wala neno lolote karibu na tundu. Kwenye CD nyingi sehemu ya plastiki angavu huendelea kupita tundu, na wino haufiki pale.

Aina mbili za programu

Programu za usanifu zina makundi mawili makubwa, na hapa ndipo wengi hupotea.

Kundi la kwanza hushughulikia picha kama mkusanyiko wa nukta ndogo za rangi, yaani pikseli. Photoshop na GIMP zimo humo. Zinafaa kusafisha picha ya kwaya, kuondoa mandhari ya nyuma, kuongeza mwanga usoni. Udhaifu wake ni kwamba picha ikishatengenezwa kwa ukubwa fulani, ukiivuta iwe kubwa zaidi inafifia. Kwa uchapaji mzuri huhitajika nukta 300 kwa kila inchi. Kava la mbele la milimita 120 linataka basi takribani pikseli 1417 kila upande, na ukijumlisha ukingo wa ziada ni 1488. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza ubora. Mwambie mpiga picha aitume kama hati, au umfuate na fleshi.

Kundi la pili huhifadhi maumbo na herufi kama mistari iliyokokotolewa, ambayo kitaalamu huitwa vekta. CorelDRAW, Illustrator na Inkscape zimo humo. Herufi iliyoandikwa humo hubaki na ncha kali iwe kwenye kava la CD au kwenye bango la barabarani. Majina ya nyimbo, namba za simu na nembo ya kikundi vifanyiwe kazi humo. Ukiandika orodha ya nyimbo kumi kwa herufi ndogo ndani ya programu ya picha kisha ukahifadhi kama JPEG, kwenye karatasi zitatoka na ukungu.

Kwa hiyo kazi nyingi nzuri hupitia programu mbili: picha inasafishwa kwenye moja, maneno yanapangwa kwenye nyingine.

Programu zenyewe

Photoshop na Illustrator za Adobe ndizo zinazotumiwa na wataalamu wengi. Tangu mwaka 2013 Adobe imehamia kwenye mtindo wa malipo ya mara kwa mara: ukiacha kulipa, programu inaacha kufanya kazi. Kwa kava moja kwa mwaka, gharama hiyo ni vigumu kuitetea mbele ya mweka hazina wa kwaya.

CorelDRAW utaikuta kwenye maduka mengi ya uchapaji na mabango. Faida yake ni kwamba fundi anaweza kulifungua faili lako na kurekebisha kosa hapo hapo. Lakini faili la toleo jipya linaweza kukataa kufunguka kwenye toleo la zamani, kwa hiyo uliza anatumia toleo gani.

GIMP ni programu ya bure ya kusafisha picha, iliyotoka mwaka 1996 na inayoendelezwa na watu wanaojitolea. Inkscape, iliyoanza mwaka 2003, ni mwenzake wa upande wa mistari. Zote mbili hufanya kazi bila intaneti baada ya kuzipakua, jambo kubwa kwa mtu anayehesabu bando. Kasoro yake ni rangi: kwa kawaida hufanya kazi kwa mfumo wa skrini, na nitaueleza hivi punde.

Scribus nayo ni ya bure. Kazi yake ni kupanga ukurasa: unaweka picha kutoka GIMP na nembo kutoka Inkscape, unaongeza maneno, kisha unatoa PDF yenye rangi za uchapaji na ukingo wa ziada. Sura yake si ya kuvutia na siku mbili za mwanzo zitakuchosha, lakini kati ya programu za bure ndiyo iliyotengenezwa hasa kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji.

Canva ilianza Australia mwaka 2013 na hutumika hata kwenye simu. Ni rahisi kuliko zote nilizotaja. Toleo la bure linakuwezesha kuweka vipimo vyako, kuonyesha ukingo wa ziada na kupakua PDF ya kuchapa, ila rangi za mfumo wa uchapaji zipo kwenye toleo la kulipia. Angalia pia usitumie muundo uliotengenezwa tayari bila kuubadilisha. Nimewahi kupokea ndani ya mwezi mmoja albamu mbili za watu wasiofahamiana zenye kava lile lile.

Affinity hufanya kazi za picha, mistari na kurasa mahali pamoja, pamoja na rangi za uchapaji. Canva iliinunua mwaka 2024, na mwishoni mwa 2025 ikaanza kutolewa bure. Inahitaji kompyuta ya kisasa kiasi.

Kuhusu Word: inaweza kukutolea orodha ya nyimbo kwenye karatasi ya kawaida, lakini haikutengenezwa kwa ajili ya uchapaji wa rangi, na mpangilio wake unaweza kuhama ukifunguliwa kwenye kompyuta nyingine. Ukilazimika kuitumia, hifadhi kazi kama PDF kabla ya kutoka nyumbani.

Rangi ya skrini na rangi ya wino

Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na bluu, mfumo unaoitwa RGB. Mashine ya uchapaji hutumia wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi, mfumo unaoitwa CMYK. Bluu inayong'aa na kijani kikali unachokiona kwenye skrini havimo katika wino huo, hivyo hupoa vikifika kwenye karatasi. Ndiyo maana mtu hulalamika kwamba mchapaji amemwaribia kazi, kumbe wino umefanya unachoweza.

Kama mchapaji wako ana mashine kubwa, huenda akadai CMYK, na hapo Scribus, Affinity, CorelDRAW au programu za Adobe zinafaa. Kama anatumia printa ndogo ya wino, mara nyingi faili la RGB linatosha kwa kuwa printa yenyewe hubadilisha rangi. Kwa vyovyote vile, omba akuchapie nakala moja ya majaribio uiangalie kwenye mwanga wa jua. Bei ya karatasi moja ni ndogo kuliko ya makava 500.

CD yenyewe

Zipo CD zenye uso mweupe zilizotengenezwa kupokea wino, na zipo printa zenye trei maalumu ya kuzichapa. Baadhi, kama Epson L805, huja na programu yake ya kupangia uso wa CD, nayo inatosha kwa kazi hiyo. Ukikosa printa ya namna hiyo, usikimbilie stika. Ikibandikwa upande kidogo, CD huyumba inapozunguka. Kwenye redio ya gari lililoachwa juani, gundi hulegea na CD hukwama ndani. Kalamu maalumu ya CD na mwandiko mzuri ni salama zaidi.

Programu za kuchakachuliwa

Mtaani utauziwa Photoshop au CorelDRAW "iliyofunguliwa" kwa bei ya soda mbili. Mbali na virusi vinavyokuja nayo, fikiria unachokifanya: unatengeneza kava la kazi unayotaka watu wasiidurufu bila kukulipa, kwa kutumia kazi ya mwingine usiyemlipa. Vivyo hivyo na picha za mtandaoni. Hapa Tanzania Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda picha kama inavyolinda wimbo wako. Piga picha zako mwenyewe, au tumia zilizotolewa kwa leseni huru.

Kwa hiyo uchague ipi?

Kama una simu tu na utachapa nakala chache kwa printa ndogo, Canva inatosha. Kama una kompyuta ya zamani na muda wa kujifunza, chukua GIMP, Inkscape na Scribus. Zote ni bure na hazitakudai mwezi ujao. Kama kompyuta yako ni mpya, jaribu Affinity. Kama mchapaji wako anatumia CorelDRAW na yuko tayari kukusaidia, mpelekee picha safi pamoja na maneno yaliyohakikiwa, akupangie yeye. Vikundi vinavyoandika kwa Kiarabu vijaribu mstari mmoja kwanza: herufi ziungane na zitoke kulia kwenda kushoto, la sivyo badilisha programu.

Kabla ya kupeleka kazi, fanya haya:

– Hifadhi nakala ya faili unayoweza kuirekebisha, kisha toa PDF ya kuchapa.
– Hakikisha fonti zimefungwa ndani ya PDF, au geuza herufi ziwe maumbo, zisibadilike kwenye kompyuta ya mchapaji.
– Chapa kava kwa ukubwa wake halisi kwenye karatasi ya kawaida, likate, litie ndani ya kasha.
– Mpe mtu ambaye hakulitengeneza asome kila neno kwa sauti. Jicho la aliyelitengeneza halioni makosa yake.
– Piga simu kwa namba iliyoandikwa kwenye kava. Ikiita kwa mwenyekiti, endelea.
– Tengeneza pia nakala ya mraba ya pikseli 3000 kwa 3000 katika RGB, utakayoihitaji siku ukipeleka nyimbo kwenye majukwaa ya mtandaoni.

Na ombi moja kutoka kwetu tunaokaa nyuma ya kipaza sauti. Jina la kikundi, mahali mnapotoka na majina ya nyimbo kwa mpangilio wake viandikwe kwa herufi nene zinazosomeka, juu ya rangi isiyofanana nazo. Studioni mwanga ni hafifu, na kati ya wimbo na wimbo nina sekunde chache tu. Jina likisomeka, nitalitaja. Lisiposomeka, nyimbo zenu zitapigwa na msikilizaji hatajua ni za nani.

Ile kwaya imerudi mwaka huu na albamu ya pili. Kava amelitengeneza kijana yule yule, safari hii kwa Scribus, baada ya kupita kwanza kwa mchapaji. Nililigeuza nyuma kabla ya salamu. Tarakimu zilikuwa kumi.