Mama pembeni ya kitanda: J Dilla na Nujabes (sehemu ya 4)

Mama zangu, ule mdundo laini usio na maneno mnaomwekea mtoto alale, wengi huwataja wanaume wawili kuwa baba zake. Wote walizaliwa 7 Februari 1974: James Yancey, yaani J Dilla, Detroit, Marekani, na Jun Seba, yaani Nujabes, Tokyo, Japani.

Wote walikata vipande vya santuri za zamani wakavijenga upya. Ila Nujabes alipenda piano ya jazi, inatiririka taratibu. Dilla alipiga ngoma kwa vidole kwenye mashine, akaziacha zichelewe kidogo, kama mtu anavyotembea.

Dilla aliugua lupus: kinga ya mwili inageuka kuushambulia mwili wenyewe. Akiwa amelazwa Los Angeles aliendelea na albamu ya Donuts kitandani, mama yake, Maureen, akimkanda vidole vilivyovimba. Ilitoka siku alipotimiza miaka 32. Siku tatu baadaye akafariki. Nujabes alifariki 2010, ajali ya gari.

Jamani, lupus hupata zaidi sisi wanawake. Viungo vikivimba na uchovu usipoisha, usiseme ni ulezi tu. Njoo upimwe.