Sarafu za kale za China: Mwandiko wa mfalme mkononi mwa muuza mboga

Sarafu ya kale ya China huwezi kuipotea: duara, tundu la mraba katikati, na herufi za Kichina kuzunguka tundu hilo. Sura ya mfalme haimo. Kwa takriban miaka 2,000, maandishi ndiyo yaliyobeba kila kitu.

Wagiriki na Warumi waligonga sarafu zao kwa nyundo. Wachina waliyeyusha shaba, bati na risasi, wakamimina kwenye kalibu, ambazo baadaye zilikuwa za mchanga. Madini yalipita kwenye mfereji mmoja wenye vijitawi, hivyo yakipoa yanatoka kama mti uliozaa sarafu. Zinakatwa, zinatungwa kwenye fimbo ya mraba ili zisizunguke, kisha kingo zinapigwa tupa.

Tundu lilisaidia pia sokoni. Sarafu zilifungwa kwa kamba, 1,000 kwa kamba moja. Kwa hesabu tu lakini! Enzi ya Song, sarafu 77 zilikubalika rasmi kuwa 100.

Maandishi ya mwanzo yalitaja uzito tu. Qin Shi Huang, aliyeiunganisha China mwaka 221 KK, alisambaza "ban liang", yaani nusu liang. Mwaka 118 KK watawala wa Han wakaleta "wu zhu", nayo ikadumu zaidi ya miaka 700.

Mambo yalibadilika mwaka 621. Watawala wa Tang waliacha kutaja uzito, wakatoa sarafu ya herufi nne, "kaiyuan tongbao". Herufi zake ziliandikwa na Ouyang Xun, mmoja wa mabingwa wakubwa wa kaligrafia wa zama zake. Yaani kazi ya msanii wa ikulu ikawa inanunua mchele.

Enzi ya Song (960-1279) ikaenda mbali zaidi. Mfalme Taizong aliandika mwenyewe herufi za sarafu ya "chunhua yuanbao", kwa miandiko mitatu: ulionyooka, wa mtiririko, na ule wa haraka ambao Wachina wanauita wa majani. Baada yake zikaja sarafu za jozi: jina lilelile, ukubwa uleule, mwandiko tofauti.

Ila aliyewapita wote ni Huizong, aliyeanza kutawala mwaka 1100. Alikuwa mchoraji, na alibuni mwandiko wake uitwao "dhahabu nyembamba", wenye mistari myembamba na ncha kali. Uangalie kwenye "daguan tongbao": kila herufi imesimama kama imechongwa kwa wembe. Utawala ulimshinda. Mwaka 1127 alitekwa na Wajurchen kutoka kaskazini, akafia kifungoni mwaka 1135. Sarafu zake ziliendelea kupita mikononi mwa watu.

Serikali ya Song ilipiga marufuku mara kadhaa kupeleka sarafu nje, kwa sababu shaba ilikuwa ikiisha nchini. Wafanyabiashara hawakusikia. Japani ilizitumia kama pesa zake, na nyingine zilivuka Bahari ya Hindi. Mwaka 1945, huko Kajengwa, Makunduchi, kusini mwa Unguja, lilifukuliwa lundo la sarafu za Kichina. Nyingi zilikuwa za enzi hiyohiyo ya Song.